SIR siyo "Slave I Remain": tuongee asili ya maneno ya Kiingereza, ila chai tuiache jikoni

Mchambua Mchele (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi umeme ulikatika, tukakaa barazani mimi na mpwa wangu wa kidato cha pili, ungo katikati, tunachambua mchele kwa tochi ya simu. Katika kimya kile akaniuliza: "Anko, kumbe tukimwita mwalimu sir tunajiita watumwa?" Mkono ukasimama kwenye ungo. Akanisogezea simu nijionee mwenyewe.

Ujumbe umetoka grupu la darasa lao, umesambazwa hadi WhatsApp imeuwekea ile mishale miwili. Unadai SIR ni kifupi cha Slave I Remain, yaani nabaki kuwa mtumwa, na kwamba wakoloni waliwafundisha babu zetu kulitamka bila kujua wanachokisema. Mwishoni: tuma kwa watu kumi uikomboe Afrika.

Hiyo ni chai, wakuu. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

"Sir" ni mkato wa "sire", neno ambalo Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kwenye Kilatini: "senior", mwenye umri mkubwa zaidi. Senior huyo huyo ndiye aliyezaa "señor" ya Wahispania, "signore" ya Waitaliano na ile nusu ya pili ya "monsieur". Kwa hiyo mtoto akisema "Good morning, sir", ukifukua hadi kwenye mzizi unakuta kasema "za asubuhi, mzee". Waarabu nao walipita njia hiyo hiyo. Shehe kwao alikuwa mzee kwanza, uongozi na elimu ya dini vikafuata.

Halafu tupige hesabu kidogo. Waingereza walikuwa wakiwaita mashujaa wa mfalme Sir tangu kama mwaka 1300, karne nyingi kabla hawajatia nanga huku kwetu. Na hadi leo ni cheo, mtu anatunukiwa. Alex Ferguson alitunukiwa mwaka 1999 baada ya yale makombe matatu. Kwa hesabu za ule ujumbe, basi watangazaji wa mpira wamekuwa wakimwita "Nabaki Mtumwa Alex Ferguson" miaka yote hii na mwenyewe anachekelea jukwaani.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Mtumwa mnayemtafuta ndani ya sir hayumo. Ila yumo kwenye neno ambalo watu wanalichapisha kwenye fulana za send-off: FAMILY. Mmeshaambiwa ni Father And Mother I Love You, wengine mpaka machozi yakawatoka. Kwa Warumi, "famulus" alikuwa mtumishi wa nyumbani, mara nyingi mtumwa, na "familia" ilikuwa kundi zima la watu walio chini ya mwenye nyumba, watumwa wakiwemo. Neno lilipoingia kwenye Kiingereza, karibu na mwaka 1400, lilikuwa bado linataja watumishi wa nyumba. Baba, mama na watoto walikuja kukalia kiti cha mbele karne ya 17.

Na mtumwa mwingine kajificha kwenye "ciao", ile tunayoiandika "chao" tukiagana. Watu wa Venice walikuwa wakiamkiana kwa unyenyekevu kwa neno lenye maana ya "mtumwa wako". Likasuguliwa kwa matumizi hadi likabaki "ciao". Anayeitaka Slave I Remain ya kweli ndiyo hiyo, na anamtumia mchumba wake kila usiku pamoja na kopa jekundu.

Hata "slave" lenyewe lilikuwa jina la watu: Waslavi wa Ulaya ya Mashariki, waliotekwa na kuuzwa kwa wingi sana enzi za kati mpaka jina lao likageuka jina la hali yao.

Mwenye neno lake alilete. Ila anayekuja na vifupisho aje na ushahidi mkononi.

Karanga za Buguruni

Siti ya mbele. Nina karanga za shilingi mia tano, anayetaka asogee.

Afande Mstaafu

Mleta mada, heshima yako. Kwenye sir nimekubali. Lakini NEWS usiiguse. Mwaka 1978 mwalimu wetu wa Kiingereza alichora dira ubaoni kwa chaki ya rangi, juu North, kulia East, kushoto West, chini South. Akasema habari hutoka pande zote nne za dunia. Mpaka leo naiona ile dira. Ina mantiki kabisa.

Mchambua Mchele

Shikamoo Afande. Mantiki inayo, ushahidi ndio hauna.

"News" ni "new" iliyotiwa s ya wingi, yaani mambo mapya, kwa kuwaiga Wafaransa waliokuwa wakisema "nouvelles". Ndio maana kwenye maandishi ya zamani utaikuta imeandikwa "newes", na vijarida vya London vya miaka ya 1620 viliandika hivyo hivyo. Sasa kwenye "newes" mashariki tutaihesabu mara mbili? Halafu, Afande, wewe umesoma ramani maisha yako yote: Mwingereza akitaja pande za dunia huanza north, south, east, west. Angekuwa anatunga kifupisho kwa mazoea ya mdomo wake, tungekuwa tunatazama NSEW ya saa mbili usiku.

Naheshimu dira ya mwalimu wako. Alitaka neno likae kichwani na limekaa miaka yote hiyo, amefaulu. Tatizo ni pale ujanja wa kukumbuka unapogeuzwa kuwa historia.

Maneno huzaliwa mdomoni, na zamani walio wengi hawakujua kusoma. Hizo herufi za mwanzo wangezitoa wapi? Mtindo wa kuunganisha herufi za mwanzo ukapata neno la kutamka ulishika kasi karne ya 20, pamoja na majeshi na maabara. "Radar" ni kifupisho kweli, cha jeshi la majini la Marekani, mwaka 1940. "Laser" nayo ni kweli, imekuja kwenye miaka ya 1960 hivi. Lakini ukiambiwa neno la mwaka 1400 ni kifupisho, kamata simu yako kama uko Kariakoo.

Kwa hiyo GOLF siyo Gentlemen Only, Ladies Forbidden. Bunge la Scotland liliupiga marufuku mchezo huo mwaka 1457, ukiwa tayari na jina lake, kwa sababu vijana walikuwa wanakimbilia golfu na mpira badala ya kujifunza kulenga mishale. Na TIP siyo To Insure Promptness. Ni neno la wahuni na wezi wa Uingereza wa mwanzoni mwa karne ya 17, "tip" kwao ilikuwa kumpenyezea mtu kitu, kumpa. Sisi tunasema bakshishi, ya Waajemi, na Waingereza wakaipenda hiyo nayo wakaichukua.

Kijana wa Tabata

Mkuu, na OK je? Usiniambie nayo ni Kilatini.

Mchambua Mchele

OK umeniweza, ni kifupisho. Tena cha utani. Mwaka 1839 gazeti moja la Boston liliandika "o.k." kwa maana ya "oll korrect", yaani "all correct" iliyokosewa makusudi. Enzi hizo vijana wa mjini walikuwa na ugonjwa wa kufupisha maneno waliyoyaandika vibaya kwa kupenda. Kabla hujawacheka, kumbuka kizazi kilichoandika "xaxa" na "cjui" kwenye simu za batani, wengine ni wazazi siku hizi.

Vifupisho vyao vingine vilikufa. OK ikaokolewa na siasa: uchaguzi wa 1840 Rais wa Marekani Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, aliitwa na mashabiki wake Old Kinderhook, wakaunda vilabu vya O.K. Uchaguzi akaupoteza. Neno likashinda.

Binti Mkunazini

Hamjambo humu. Mimi nimekulia Unguja, nimesomea chuoni kabla ya skuli, na kitu kinachonichekesha ni watu kuyaogopa maneno ya Kiingereza kama wageni wakati mengine ni jamaa zetu wa damu. Hebu tazameni.

"Magazine". Waarabu wana mzizi wa kuweka akiba: makhzan ni ghala, wingi wake makhazin. Neno likapita Italia na Ufaransa likafika Uingereza likiwa bado ghala, hasa ghala la silaha. Ndipo likapewa kile kisanduku cha risasi kwenye bunduki, Afande atathibitisha, jeshini wanakiita magazini. Mwaka 1731 Edward Cave wa London akaanzisha jarida, akaliita Gentleman's Magazine, ghala la maandishi ya kila namna. Tangu hapo kila jarida ni magazine. Sasa chukueni mzizi ule ule wa Kiarabu muufuate ulivyokuja huku pwani: hazina. Hazina ya bibi yangu ilikuwa sanduku la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, kanga chini, vyeti juu, na ufunguo kaufunga kwenye pindo. Kwa hiyo jarida la mitindo, magazini ya bunduki na sanduku la bibi ni ndugu watatu.

"Tariff" inayozungumzwa kila siku kwenye biashara za dunia, na hata kwenye LUKU zenu huko bara, inatokana na kujulisha: orodha ya bei iliyotangazwa ili watu waijue. Huku kwetu mzizi huo umezaa arifu, taarifa na maarifa. "Zero" na "cipher" yote mawili ni sifuri. Sifr ya Kiarabu ni tupu, isiyo na kitu. Mtaliano Fibonacci akaiandika kwa Kilatini kwenye kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202 kwa umbo la "zephirum", Waitaliano wakaikata ikawa "zero". Sisi tuliichukua nzimanzima bila kuipitisha Italia.

Na ninalolipenda kuliko yote, "monsoon". Hiyo ni msimu! Mawsim ya Kiarabu ni wakati maalumu wa mwaka, na kwa mabaharia wa bahari yetu wakati maalumu ni upepo: kaskazi ikuletee majahazi kutoka Arabuni na India, kusi iyarudishe. Wareno walipoingia kwenye biashara hiyo wakalisikia wakalitamka kwa namna yao, Waingereza wakalitoa huko. Kila mtabiri wa hali ya hewa wa London akisema monsoon anasema neno ambalo nahodha wa Lamu angelitambua akiwa nusu usingizini.

Karanga za Buguruni

Hilo la sanduku la bibi limeniacha hoi. Kumbe bibi alikuwa na magazini ndani.

Afande Mstaafu

Nathibitisha kuhusu magazini. Sikuwahi kujua kama nabeba hazina.

Mhasibu Mpole

Mimi nilisoma kwamba "salary" inatokana na chumvi kwa sababu askari wa Roma walilipwa chumvi. Hii nayo ni chai?

Mchambua Mchele

Hiyo ni chai yenye maziwa kidogo, mhasibu. Chumvi imo: "salarium" ya Kilatini imetoka kwenye "sal", chumvi, na Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi, aliwahi kuyahusisha mawili hayo karne ya kwanza. Lakini askari wa Roma walilipwa sarafu. Picha ya foleni ya askari wanapimiwa chumvi kwa kibaba siku ya mshahara imechorwa na watu wa baadaye. Salarium ifikirie kama tunavyosema posho: hakuna anayedhani mfanyakazi wa leo akichukua posho anabeba unga.

Letu, mshahara, limetoka kwenye shahr, mwezi kwa Kiarabu, yaani malipo ya mwezi kwa mwezi. Wewe mwenye vitabu utatuambia kama huwa yanafika tarehe 15.

Mwenye Bucha Mbagala

Naomba kuuliza, maana hili linanihusu kikazi. Mbona Mwingereza ng'ombe akiwa hai ni "cow", akichinjwa ni "beef"? Kondoo "sheep", nyama "mutton". Nguruwe "pig", nyama "pork". Mimi nikikata nundu nasema nyama ya ng'ombe, yamekwisha.

Mchambua Mchele

Swali zuri. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari akaiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa waliofuata wakubwa wote walikuwa wanaongea Kifaransa. Anayeswaga na kukamua ni Mwingereza wa kijijini, ana "cow" yake na "sheep" yake, maneno ya kale ya hapo hapo. Anayeletewa sahani ni bwana mkubwa wa Kifaransa, kwake ni "boeuf", "mouton", "porc", "veau". Aliyefuga kabaki na jina la mnyama, aliyekula kabaki na jina la nyama.

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, hapo umesema vizuri ila umepiga pasi kidogo. Maneno yenyewe kweli ni ya Kifaransa na kweli yaliingia baada ya 1066, lakini hayakugawana kazi kwa usafi huo siku hiyo hiyo. Kwa karne nyingi Waingereza walitumia "beef" na "mutton" hata kwa mnyama aliye hai malishoni, ndiyo maana kuna wingi wa zamani "beeves", ng'ombe wengi wenye kwato na mikia. Mgawanyo wa zizini na mezani ulikaza polepole. Ile hadithi ya mchungaji na bwana imepata nguvu sana kutokana na riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1819. Wewe mwenyewe umetuambia tuje na ushahidi.

Mchambua Mchele

Nimekubali, mwalimu. Nimepigwa kwa fimbo yangu mwenyewe. Na nikuongezee la mayai basi, tusiachane vibaya. Mwaka 1490 William Caxton, mchapishaji wa kwanza wa vitabu Uingereza, alisimulia kuhusu wafanyabiashara waliokwama mtoni Thames kwa kukosa upepo. Mmoja akashuka pwani, akaenda kwa mama mmoja kuomba "eggys". Mama akamjibu kwamba yeye Kifaransa hajui. Jamaa akakasirika, maana naye Kifaransa hakijui, alikuwa anaongea Kiingereza! Mpaka mwenzake alipoomba "eyren" ndipo mama akasema ameelewa. Wote wawili Waingereza, wote wanataka mayai. "Egg" lilikuwa neno la Wavikingi lililokuwa linateremka kutoka kaskazini, "eyren" la kusini lilikuwa linarudi nyuma. Leo "eyren" halipo.

Wavikingi waliacha mengi kule. "Sky", "knife", "law", hata "they" na "them". "Window" ni yao pia, na ndani yake mna vitu viwili: upepo na jicho. Jicho la upepo. Hili sijawahi kulichoka.

Jirani Mwema

Samahani, mimi narudi kwenye utumwa. Mnamcheka mtoto wa watu kwa sir, lakini shikamoo yetu je? Wazee wanatuambia ni "nashika miguu yako". Sasa kati ya "mzee" na "nashika miguu yako", mtumwa hapo ni nani? Na mkishamaliza hapo, mtazame neno mtumwa lenyewe. Ni anayetumwa, basi. Limetoka kwenye tuma, kama mtumishi, na kama Mtume. Ndugu wa tumbo moja, mmoja kaletewa wahyi, mwingine kapigwa mnyororo.

Mchambua Mchele

Jirani, umegusa penyewe. Watu wanadhani ukishajua neno lilikotoka umeshajua linasema nini leo, na hapo ndipo wanapotumbukia. Ukimwamkia mama mkwe shikamoo, mkono wako uko kwenye mfuko wa viazi, miguu yake huioni hata. Unachompa ni heshima, siyo kuinama. Asili ni mahali neno lilipozaliwa, na mtu hakai alikozaliwa maisha yote.

Tazama tulivyowafanyia Waingereza wenyewe. Walileta "mail", meli za barua. Sisi tukaangalia chombo, barua tukaziacha, chombo kikawa meli hata kikibeba saruji. Wakaweka kibao cha "keep left" kwenye mzunguko wa barabara, tukaona kumbe hiki kitu kinaitwa kiplefti. Mwingereza akija leo kutuambia kiplefti maana yake "kaa kushoto", tutamwambia asante, sasa zunguka hicho kiplefti halafu nyoosha.

Nao kwao ni hivyo hivyo. "Girl" zamani ilikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Mvulana aliitwa "knave girl". Kisha "knave" ikaharibika ikawa mtu laghai, "girl" ikabaki kwa mabinti. "Silly" ilikuwa mwenye baraka. Aliyebarikiwa akaonekana hana hatia, asiye na hatia akaonekana wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akaonekana hana akili, na leo ni mpumbavu. "Nice" ikapanda ngazi ile ile kwa upande wa pili: Kilatini "nescius", asiyejua kitu, ikaingia Uingereza ikiwa mjinga, ikapita kwenye kuchagua-chagua na umakini, mpaka karne ya 18 ikatulia kwenye kupendeza. Kwa hiyo ukimwambia mtu "you are nice", mwombe asiufukue uzi huu.

Afande Mstaafu

Na "minister"?

Mchambua Mchele

Minister ni mtumishi, Afande. Mzizi wake ni "minus", pungufu, mtu mdogo. Aliye juu yake alikuwa "magister", kutoka "magis", zaidi, ambaye ndiye "master" na baadaye "mister". Mwalimu wa Kilatini alikuwa mkubwa, waziri alikuwa mdogo. Sitaki ban, naishia hapo.

Mmakonde wa Newala

Naona kila neno limetoka kwa Warumi na Waarabu. Na sisi tumewapa, jamani. Chikungunya ni neno la Kimakonde. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa homa kwenye uwanda wetu, kusini mwa Tanganyika, viungo vinauma hadi mtu anajikunja. Wazee wakauita kwa vile ulivyomfanya mtu: unaomkunja. Waganga wa kizungu waliokuwa wanauchunguza wakaliandika hivyo hivyo. Ugonjwa ulipolipuka kwenye kisiwa cha Réunion, kilicho chini ya Ufaransa, mwaka 2005 na 2006, magazeti ya Paris yote yakawa yanahangaika kutamka Kimakonde. Bibi yangu alikuwa akisikia redio inalitaja anauliza, wamelitoa wapi hawa?

Mwalimu wa Zamu

Hili ni kweli tupu. Na kuna safari, tuliyoichukua kwa Waarabu tukawapa Waingereza, wao wakaivalisha kofia pana na kamera. Kwetu hata kwenda Chalinze kumzika mjomba ni safari. Na ule mchezo wa kupanga vipande vya mbao, Jenga: Leslie Scott aliutoa kwenye maonyesho ya London mwaka 1983 akauita kwa kitenzi chetu.

Kijana wa Tabata

Kwa hiyo wazungu wamelipa mabilioni kwa neno ambalo fundi wa kwetu analisema bure.

Binti Mkunazini

Mchambua Mchele, mpwa wako amesemaje lakini? Ndiye aliyetuanzishia mjadala na hatujamsikia.

Mchambua Mchele

Ameusoma wote, kanipokonya simu tangu saa moja. Ule ujumbe amerudi kwenye grupu akaujibu, kaandika: "Sir maana yake mzee, family ndiyo watumwa." Wenzake wamemtoa kwenye grupu, amerudishwa baada ya nusu saa.

Sasa kaniletea swali jipya: pencil ni mtoto wa pen? Nikamwambia hapana, hawana undugu wowote, wamefanana majina tu kama watu wawili wa daladala moja. "Pen" ni "penna", unyoya, kwa sababu watu waliandika kwa unyoya wa bata bukini. "Pencil" ni "penicillus", mkia mdogo, yaani brashi ya mchoraji. Penisilini nayo imetoka humo humo, kwa sababu ukungu ule ambao Alexander Fleming aliukuta kwenye kisahani chake mwaka 1928, ukiutazama kwa hadubini una vichwa kama brashi.

Akaitazama penseli yake, akaitazama kalamu, akasema: "Kwa hiyo hesabu nafanya kwa mkia, insha naandika kwa manyoya."

Halafu akauliza, na huo mkia wenyewe kwa Kilatini ulikuwa unaitwaje kabla haujawa mdogo? Wakuu wanaokijua Kilatini mnielewe. Nimemwambia mchele unaungua, akaangalie.